Wake Wawili wa Mwanangu

Mwezi uliopita tulimlilia mama mkwe wangu katika ukumbi wa kukodi pale Grand Prairie, maana alizikwa kwao Mahenge na wengi wetu hatukuweza kwenda. Kijana aliyepewa kazi ya kusoma wasifu wa marehemu alifika mahali pa wajukuu, akasoma, "Damiani," kisha akataka kuendelea. Nikasimama. Wanawake wa meza ya mbele walidhani naelekea msalani. Nikasema kwa sauti ya kusikika, "Damiani Pasang. Rudia, baba, lisome lote." Kijana akamtazama mume wangu, mume wangu akatazama kitambaa cha meza, na Dada Pendo, kiongozi wetu wa kikundi cha maombi, akaguna ule mguno wa kusema huyu bado hajaacha tu. Ni kweli, sijaacha. Jina liliposomwa lote nikakaa, nikala pilau yangu. Watu wameninong'ona miaka yote hii kwamba nilimtoa mwanangu kwa miungu ya Wanepali, na mtu pekee aliyekuwa anawafunga midomo ndiye tuliyekuwa tunamlilia siku ile. Sasa nitasema mwenyewe, na asiyetaka kusikia akaendelee na umbea wake.

Ulikuwa mwaka 2018 kuingia 2019. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimeolewa na Gaudensi, na tulipanga Vickery Meadow, Dallas, kwenye yale majengo ya ghorofa mbili ambayo ukifungua dirisha unasikia lugha za dunia nzima zikigombeza watoto. Sisi tulikaa chini. Juu yetu walikaa Wanepali watatu: mzee Pasang, mkewe tuliyemwita Aama, yaani mama kwa lugha yao, na binti yao Sunita, ambaye tulifanya naye kazi chumba cha kufulia cha hoteli moja. Walikuwa wamefukuzwa Bhutan, wakaishi kambini Nepal mpaka Sunita akawa mtu mzima, ndipo wakaletwa Texas. Jiko langu lilikuwa na bomba la kutoa moshi ambalo, sijui fundi alilewa nini, lilipeleka moshi wote juu kwao. Nikikaanga dagaa, Aama anakohoa. Nikikaanga maandazi, mzee Pasang anagonga sakafu kwa fimbo yake. Mara ya kwanza nilidhani analalamika, nikapanda kuomba radhi nikiwa na sahani mkononi ili nisionekane mkavu. Akala andazi moja, akafumba macho, akala la pili. Tangu hapo fimbo ikigonga najua ni mteja wangu, na Gaudensi akawa ananitania kwamba nina mzee ghorofani.

Mzee alifariki mwaka ule wa 2018, majira ya jua kali kuanza, kwa ugonjwa wa mapafu. Hawakulia kama tunavyolia sisi, na hilo liliniudhi. Nilipopanda kutoa pole nikakuta chumba kimetulia, bakuli ndogo za maji zimepangwa mbele ya picha ya Buddha, taa ya siagi inawaka, na mzee wa dini yao amekaa sakafuni anasomea sikio la maiti kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Nikaanza kulia, Sunita akanishika mkono akanitoa nje taratibu. "Usimlilie humu," akaniambia. "Atageuka nyuma." Kesho yake kazini, tunakunja mashuka, nikamuuliza atageuka wapi na wakati amekufa. Akanieleza huku tunavutana shuka, mimi pembe hizi, yeye pembe zile. Alisema mwili unavunjika kwa zamu. Udongo unazama kwenye maji, ndiyo maana mtu anashindwa kuinua mkono. Maji yanaingia kwenye moto, mdomo unakauka. Moto unaingia kwenye upepo, baridi inapanda kutoka miguuni. Upepo nao unaingia kwenye fahamu. Ndani ya mwili huu wa nyama, alisema, kuna mwili mwingine mwembamba, wenye njia ambazo daktari akipasua hazioni, na pumzi inapita humo, na fahamu imeipanda hiyo pumzi kama mtu aliyepanda farasi. Siku ya kufa farasi anakusanyika moyoni, kisha anatoka na aliyempanda.

"Anakwenda wapi?" nikamuuliza. Akasema anazunguka, kwa muda usiozidi siku arobaini na tisa, akitafuta pa kuzaliwa. Nikacheka, nikamwambia sisi tuna arobaini, nyinyi mmetuzidi tisa. Sunita naye akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Kisha akasema jambo ambalo nililisikia kwa sikio moja tu wakati ule: kwamba aliye katika safari ile hana mdomo wa kula chakula, anakula harufu. Ndiyo maana nyumba ya mfiwa wanachoma unga na siagi, ili msafiri asife njaa. Na ndiyo maana hawalitaji jina lake, ili asisimame. Mimi Mkatoliki wa kubatizwa, sikuamini, lakini jioni ile nilikaanga maandazi, na sikufunga mlango wa jiko.

Haikupita muda nikaanza kutapika. Tulikuwa tumekaa miaka minne bila mtoto, na kwa hiyo nilikuwa nimeshapakwa mafuta na Dada Pendo hadi nguo zangu zote za kanisani zikawa na madoa. Furaha ilikuwa kubwa mno hata sikuona Aama anavyonitazama. Alianza kushuka kila siku na supu ya tangawizi, ananiwekea mezani, anakaa, anatazama tumbo, anahesabu kwenye vidole. Siku moja Sunita akaropoka pale kazini. "Mama anadhani ni Baba." Nikaacha shuka likaanguka. Nikamwambia tumbo hili lina mpangaji wake tayari na hakutoka ghorofani. Nilikasirika kweli, sikumsemesha siku kadhaa. Nani anataka kuambiwa kwamba mtoto aliyemlilia miaka minne ni mzee wa jirani? Lakini Aama mwenyewe hakuniambia neno, na supu haikukoma, na mtu anayekuletea supu bila kudai kitu ni vigumu kumnunia muda mrefu.

Mama mkwe akaja kutoka nyumbani kunisaidia uzazi. Alikuwa mama wa kazi na wa amri. Siku aliyotua alikagua jiko, akanusa mchele wangu, akasema, "Mnakula maganda huku." Aama aliposhuka na bakuli lake, Mama alimkaribisha vizuri, wakakaa kwenye kochi wakitabasamu bila lugha, lakini mgeni alipoondoka Mama akaniuliza, "Huyu anaabudu nini?" Nikamjibu anaabudu kama sisi tunavyoabudu, kwa mishumaa na picha. Hakulipenda jibu hilo. Mtoto alizaliwa Februari, dume, mzito, na Mama alimpokea mikononi akamtazama usoni akasema, "Umerudi, mume wangu." Hakuna aliyeshangaa. Bibi kwetu humwita mjukuu wa kiume mume wake, na huyu alishapangiwa jina la babu yake, Damiani, aliyekuwa mume wa Mama kweli. Mgongoni, chini kule, alikuwa na lile doa la bluu la watoto wetu. Sunita alimwonyesha mama yake doa hilo kwa shauku, na Aama akalitazama, akacheka, akasema hata watoto wao wote wanazaliwa nalo. Nilimheshimu kwa hilo. Mtu mwenye uchu angelikamata.

Kisha mtoto akaanza kulia. Si kilio cha njaa wala cha tumbo. Daktari alimpima akasema ni mzima kabisa. Alilia asubuhi, alilia mchana, ziwa analisukuma. Mama akatikisa kichwa akasema, "Analilia jina. Damiani hamtaki huyu, au yupo mwingine anataka naye." Hilo pia kwetu si jambo la kushangaza. Mtoto akilia hivyo, mkubwa wa nyumba anaita majina ya waliotangulia, moja moja, huku mama anatoa ziwa, na jina ambalo mtoto atanyamaza na kunyonya, hilo ndilo lake. Akishalipokea halibadilishwi. Basi mchana mmoja Mama akafunga khanga kiunoni, akanikalisha kwenye kochi, akaanza. Damiani. Kilio. Benedikto. Kilio. Akapanda ukoo hadi juu kwa watu ambao hata Gaudensi hakuwahi kuwasikia, na mtoto analia tu, mimi natokwa jasho na maziwa. Hapo mlango ukagongwa, Aama akaingia na bakuli. Hakujua tunafanya nini. Aliona tu mtoto amekuwa mwekundu kwa kulia, akaweka bakuli, akainama, na jina likamtoka, jina ambalo hakulitaja tangu azike. "Pasang," akasema. "Pasang, Pasang." Mtoto akanyamaza. Akakamata ziwa akanyonya.

Sisemi kilikuwa kitu gani. Mtoto anaweza kuchoka kulia kama mtu yeyote. Ninachosema ni nilichoona: wanawake wawili wazima wamesimama sebuleni kwangu, mmoja amejiziba mdomo kwa viganja vyote viwili kama aliyevunja kitu cha watu, na mwingine, mama mkwe wangu, ameketi polepole sakafuni. Aama akatoka bila kuchukua bakuli lake. Mama akaniuliza, "Kasema nini?" Nikamwambia ni jina la marehemu mumewe. Alizijua sheria za kwao kuliko mimi, na kwa sheria hizo hizo mjukuu wake alikuwa ameshajibu.

Jioni Gaudensi aliporudi kutoka kazini kwake ghalani, Mama akamweleza huku analia, na Gaudensi, badala ya kumuuliza mkewe, akampigia simu Dada Pendo. Jumamosi wakaja, watu wa kikundi, na mafuta yao na gitaa. Mpango ulikuwa umeshapikwa bila mimi: mtoto aombewe, roho ya kigeni itoke, mwanamke wa juu asikanyage tena kwetu, na sisi tuhamie Grand Prairie karibu na kazi ya Gaudensi. "Dada Editha, tumlete mtoto katikati," akasema Dada Pendo kwa ile sauti yake ya kubembeleza mgonjwa. Nilikuwa nimembeba, nikamkaza kifuani. Nikasema, "Chai ipo, maandazi yapo. Maombi ya kumshukuru Mungu kwa mtoto, karibuni. Ya kumtoa mtu ndani ya mwanangu, hapana." Gaudensi akaniambia nisimwaibishe. Nikamgeukia Mama, kwa heshima zote, nikapiga goti kabisa, nikamuuliza mbele yao: "Mama, babu wa Mahenge akirudi tunapiga vigelegele, tunamwita mume. Babu wa Nepal akirudi tunamwita pepo. Tofauti yao ni nini, zaidi ya viza?" Mtu mmoja akacheka akajikohoza. Dada Pendo akasema nina roho ya uasi, nikamwambia hiyo ninayo, tena nilikuja nayo kutoka nyumbani, na mafuta yake ya miaka minne hayakuitoa. Walikunywa chai, walikula maandazi yote, wakaondoka. Gaudensi alininunia hadi nikazoea. Leo wanasema nilifukuza maombi. Ndiyo, niliyafukuza. Mtoto wa siku chache anashikwa kichwa na watu wazima wanapiga kelele atoke, atoke. Atoke aende wapi, na ndio kwanza amefika?

Aama hakushuka tena. Mtoto akarudia kulia. Nikavumilia, kisha nikambeba nikapanda kwao, nikiwa nimejaa ushujaa wangu wote, kumpelekea habari kwamba nimeshinda, kwamba mtoto atabatizwa Damiani Pasang hata dunia ipasuke. Nilimkuta amekaa sakafuni anafuta zile bakuli za maji. Sunita alikuwepo, akawa anatafsiri. Aama alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Usimpe." Nikadhani Sunita amekosea. Akarudia. Alisema alikosa siku ile, kwamba jina lilimtoka kwa tamaa, kwa sababu amelala kitandani na mtu yule tangu akiwa msichana na sasa kitanda kina baridi. Akasema aliyefika si Pasang. Akaniuliza nafanyaje maandazi yangu, maana alishaniona nikibakiza donge la unga wa jana ili liumue wa leo. "Lile donge linaumua unga mpya," akasema, "lakini andazi la jana limeshaliwa. Ukimwita mtoto kwa jina la aliyeliwa, atatazama nyuma maisha yake yote." Nikamuuliza kama haumii. Akajibu kwa Kiingereza chake mwenyewe, bila Sunita, kwamba anaumia kila siku. Akasema pia kwamba wamepata nyumba Ohio kwa ndugu zao, wataondoka masika. Nikamnyooshea mtoto ampakate. Alikunja mikono yake ndani ya shali, akakataa.

Nilishuka nikilia kwa hasira. Nilikuwa nimegombana na ukoo, na kanisa, na mume, kwa ajili ya jina, na mwenye jina hakulitaka. Sikujua nimwambie nani. Nikamwachia Mama mtoto sebuleni, nikatoka nje kupunga upepo, kisha nikaingia jikoni kwa mlango wa nyuma, nikawa nimesimama tu pale mbele ya jiko bila kuwasha. Ndipo nikasikia sauti ya Mama, ndogo, ya mtu anayejificha. "Nyamaza, Damiani." Kilio. Kisha, "Haya basi, Pasang. Nyamaza, mume wa watu." Na mtoto akanyamaza. Nikachungulia. Alikuwa anambembeza magotini, uso wake umechoka, na mimi niligundua kuwa alishafanya hivyo mara nyingi. Nikatoka nikamwambia habari ya juu, kwamba Aama amelikataa jina lisitumike. Mama alikasirika kuliko alivyokasirika siku ya maombi. "Analikataaje? Jina limeshapokelewa. Mtoto akinyang'anywa jina anaugua, yeye hana watoto huyu?" Nikamwambia Mama, si ulitaka hivyo hivyo. Akaniambia ninyamaze, mambo haya siyajui.

Mtoto alibatizwa wiki ya Pasaka. Padri alipouliza mmempa mtoto wenu jina gani, Gaudensi alifungua mdomo kusema moja, mimi nilijiandaa kusema mawili, na Mama, aliyesimama nyuma yetu na ambaye hakuulizwa, akasema kwa sauti ya kanisa zima, "Damiani Pasang." Padri akamwagia maji. Nilitazama nyuma nikamwona Dada Pendo amefumba macho kama anayeumwa jino.

Tuliporudi nyumbani lori dogo la kuhamia lilikuwa limeegeshwa mbele ya jengo, Sunita anapakia masanduku. Mama hakubadilisha hata nguo. Tangu aje alikuwa hajawahi kupanda ngazi zile, magoti hayakumruhusu, lakini alimchukua mtoto akiwa na gauni lake jeupe akaanza kupanda, mkono mmoja umeshika chuma, ananizuia nisimsaidie. Nikamfuata nyuma. Aama alikuwa amesimama katikati ya chumba kitupu. Mama akahema hadi pumzi ikamrudia, akasema kwa Kiswahili, kana kwamba wote duniani wanakijua, "Mke mwenzangu, mpakate. Safari ni ndefu." Aama akanitazama mimi. Nikamwambia, "Anasema wewe ni mke mwenzake. Umshike." Aama akafikiria hilo. Kisha akatoa mikono ndani ya shali, akampokea, akainamisha uso utosini pake akanusa, akavuta pumzi ndefu, machozi yakamdondoka kwenye gauni la ubatizo na hakujaribu kuyafuta. Alipomaliza akamnyanyua wakatazamana, na akamwita kwa jina ambalo nilikuwa sijawahi kumsikia akilitamka. "Damiani," akasema. "Damiani, bye." Akamrudisha kwa Mama. Na Mama, akimweka vizuri begani, akageukia ngazi akamwambia, "Haya, Pasang, twende nyumbani."